Kapu la wiki la kuletewa nyumbani: uzoefu wangu, kuanzia kwenye mizani hadi sufuriani

Kapu la wiki limeenea sana Dar siku hizi. Alhamisi jioni orodha inaingia kwenye WhatsApp: nyanya, vitunguu, viazi, karoti, hoho, ndizi, matunda, mchele, maharage, na kila kitu kina bei yake pembeni. Unachagua, unalipa kwa simu, Jumamosi asubuhi kijana wa bodaboda anapiga honi getini. Kiwango cha chini kwa hawa ninaowatumia ni oda ya 30,000, na kuletewa ni 3,000. Jina lao nitaliacha. Wafanyao biashara hii wapo wengi, na ninayokwenda kuyalalamikia nimeyasikia kwa majirani wanaoagiza kwingine pia.

Sisi tuko Tabata Segerea, watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe wangu, mtu wa Muheza, Tanga, ambaye kwenye suala la chakula hana diplomasia hata kidogo. Bajeti ya chakula ni 500,000 kwa mwezi, nje ya gesi. Mke wangu ni nesi, zamu zake hazina Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo wa soko ni mimi. Kabla ya kapu nilikuwa nakwenda soko la Buguruni, na bado naenda, ila kwa mpangilio tofauti.

Watu wengi wakilinganisha kapu na soko wanaangalia bei ya kilo, basi. Mimi naona hesabu hiyo haijakamilika. Naangalia shilingi ngapi zimeingia sufuriani, yaani baada ya kutoa kilichooza, kilichomenywa kupita kiasi, mawe, chenga, nauli, na gesi iliyoungua kuivisha kitu ambacho hakitaki kuiva. Nina mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, na ndiyo iliyoniamulia mambo mengi.

Nianze na nyanya, maana ndiko kapu lilikoshinda wakati sikutegemea. Kisado cha nyanya, kile kindoo cha kupimia, Buguruni nilikipata kwa 6,000, na kwenye mizani kilikuja kama kilo tatu. Ukigawa unapata 2,000 kwa kilo, wakati kapu walikuwa wanauza 2,800. Kwa macho soko limeshinda. Lakini kisado kina siasa yake. Nyanya za juu zimepangwa zivutie, za chini ndizo zilizobeba uzito wa tenga zima usiku kucha kutoka Ilula, Iringa, na ikifika Jumanne zinaanza kutoa maji. Nilichotupa kilizidi nusu kilo kidogo, kwa hiyo kilo iliyoliwa ilinigharimu kama 2,500. Ongeza nauli ya daladala, 600 kwenda na 600 kurudi, na siku za mzigo mkubwa bodaboda badala ya daladala. Nyanya za kapu zilikuja ngumu, nyingine mbivu, nyingine zinaelekea kuiva, na zilitufikisha Ijumaa. Anayezifungasha anajua kazi yake. Nilimuuliza dada wa oda wanafanyaje, akaniambia wananunua usiku Ilala na Mabibo malori yanaposhusha, wanachambua kabla hakujapambazuka. Hapo ndipo ile 800 ya ziada inapokwenda, na mimi kwa nyanya naona ni halali yao.

Vitunguu, viazi na karoti sina la kusema sana. Bei iko juu kidogo ya soko, ubora uko sawa. Viazi vya Njombe wanavinunua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na kutuuzia kwa kilo, faida wanaijua wenyewe. Mkulima aliyejaza lumbesa ndiye ningemuonea huruma kuliko mimi.

Mchele sasa. Hapa nawaambia ukweli: msinunue mchele kwenye kapu.

Kapu wanauandika "Kyela super" kwa 3,400 kwa kilo. Sokoni Tandale, kipindi hichohicho, mchele wenye harufu ya kweli ya Kyela niliupata kwa 2,800. Familia yetu inakula kama kilo 25 kwa mwezi, hivyo tofauti ni 15,000, na hiyo ni kilo nzima ya nyama na chenji inabaki. Lakini pesa si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba mchele haununuliwi kwa picha. Tandale unatia mkono gunia hadi chini, unachota wa katikati, unausugua viganjani, unanusa. Unatafuna punje mbili. Unaangalia chenga ni kiasi gani, maana wauzaji wengine huchanganya mchele mzuri na wa hivyohivyo halafu jina linabaki lile zuri. Na unauliza swali ambalo kwenye orodha ya WhatsApp halipo: ni wa mavuno mapya au wa zamani? Mchele mpya unanukia, lakini unahitaji maji machache na unashikana haraka. Wa zamani unakunywa maji, unavimba, unachambuka. Kwa wali wa nazi wa Jumapili na watu sita, wa zamani unajaza sahani kuliko mpya kwa kilo ileile.

Kapu walituletea mpya bila kusema. Mama mkwe akapika kwa maji yake ya siku zote. Alipofunua sufuria akaniita: "Baba, njoo uangalie. Huu ni wali au uji wa mgonjwa?"

Tangu hapo mchele tunanunua Tandale, gunia moja, tunagawana na majirani wawili. Tukiweza tunanunua ule wa miezi ya katikati ya mwaka, mavuno yanapoingia na bei inapolegea, tunauweka. Kwa kapu, kilo mbili za dharura tu.

Maharage ni kesi ya namna hiyohiyo, ila hasara yake inajificha kwenye mtungi wa gesi. Maharage ya njano ya kapu yalikuwa yameng'aa kwenye picha, na hata mkononi yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa ya siku nyingi. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto yanakuwa magumu kama kokoto, unachemsha hadi unachoka, na mtungi wa kilo 15 unaisha kabla ya wakati wake. Ukiwa sokoni unayachambua mkononi, ukiona ngozi imefifia au imegeuka rangi, unaondoka. Ukiwa umeshapokea kapu, unaloweka usiku kucha na kuomba Mungu.

Unga hatuagizi kabisa, na hapa sababu si bei. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na tangu hapo mama mkwe hataki kusikia unga ambao hakuyaona mahindi yake. Tunanunua mahindi, anakaa kivulini na ungo wake, anatoa yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyotobolewa na wadudu, kisha naenda mashineni. Wenye muda mchache kuliko sisi wanunue unga wa pakiti wenye alama ya TBS, Shirika la Viwango, na waangalie tarehe. Unga wa kapu huja kwenye mfuko mweupe usio na maandishi, umefungwa fundo. Kwa bei ya chini ya pakiti kwa 200 tu. Hapana.

Mboga za majani nilizijaribu kwa sababu zilikuwa kwenye ofa, mafungu matano kwa 2,000. Gengeni fungu ni 500, kwa hiyo nafuu ipo kwenye karatasi. Zilifika zimefungwa pamoja na viazi, mchicha umelala, matembele yana majani ya njano, na tukala mafungu mawili, mengine yakaenda kwa kuku wa jirani. Genge letu liko hatua chache kutoka getini. Pale nanunua cha kuliwa leo, hakuna kinacholala, na mama wa pale huongeza majani mawili matatu bila kuombwa. Tena naweza kumuuliza jambo ambalo Dar ni la msingi, mboga imetoka wapi, maana zinazolimwa kando ya Mto Msimbazi zinamwagiliwa maji yanayobeba uchafu wa mji na viwanda.

"Shikamoo mama. Mchicha wa leo wa wapi?"

"Marahaba. Wa Chanika, baba. Wa bondeni siuzi, na mimi nina wajukuu."

Sina namna ya kuthibitisha, lakini anayenitazama usoni kila siku ana sababu ya kutonidanganya. Kwenye orodha ya kapu imeandikwa "mchicha fresh" na kialama cha jani la kijani. Kwa wasio na friji nasema wazi: genge ni rahisi kuliko kapu, hata kama bei ya kila kitu pale ukiipigia hesabu ya kilo inatisha. Na mwisho wa mwezi ukikwama unakopeshwa, jambo ambalo hakuna orodha ya WhatsApp inayolifanya.

Nazi za kapu ni bahati nasibu. Sokoni unaitikisa, unasikia maji, muuzaji anaipasua mbele yako, ikiwa mbaya anakupa nyingine. Ya kapu unaipasua nyumbani, na tatu kati ya sita zikiwa zimeoza mtu wa Muheza anahesabu hiyo ni dharau ya kifamilia.

Samaki wanao pia, wa barafu. Sikuagiza zaidi ya mara ya kwanza. Soko la samaki la Feri ukifika mapema unaona matamvua mekundu, unabonyeza nyama inarudi, unaweza kuungana na mtu mwingine mkachukua fungu la mnada mkagawana, na vijana wa kuparua wapo palepale. Jambo moja tu la kukumbuka: mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wanaotumia taa usiku hawapati kitu cha maana, hivyo vibua na dagaa huadimika na bei inaruka. Sisi siku hizo tunakula dagaa wa Mwanza waliokaushwa, na maharage, ikiwa yameiva.

Matunda ni eneo la pili ambako kapu wananifaa. Machungwa, mananasi ya Kiwangwa, parachichi, ndizi mbivu. Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi pale Mabibo, ni rahisi zaidi, hilo halina ubishi, lakini ndizi pale unanunua mkungu, na watu sita hawamalizi mkungu kabla haujaanza kuvutia nzi. Kapu wanauza kwa kichane. Msimu wa maembe ukifika siwaagizi, kila kona ya Tabata kuna toroli.

Sukari, mafuta na chumvi kwao ni bei ya duka la mtaani la Mangi na 100 au 200 juu. Sukari hata sitaki kuilinganisha. Mwanzoni mwa 2024 ilipopita 4,000 kwa kilo hakukuwa na kapu wala duka lenye huruma.

Huduma yenyewe. Dada wa oda ni mstaarabu, anajibu haraka, lugha nzuri. Shida ni kubadilishiwa. Hoho zikikosekana wanaweka bilinganya, na taarifa inakuja bodaboda akiwa ameshafika: "Samahani kaka yangu, hoho za leo hazikuwa nzuri, nimekuwekea bilinganya, ni tamu sana." Bilinganya nyumbani kwetu hakuna anayelila. Nilimwambia kwa utulivu kwamba kikikosekana kitu anirudishie hela au aniulize kabla, na kuanzia hapo anauliza. Lisemeni mapema, msingoje kukasirika. Uzito pia upimeni mnapopokea, kijana akiwa bado getini. Kilo mbili za vitunguu ziliwahi kuja na upungufu wa gramu mia mbili na ushee. Nilimpigia picha mizani, wakaongeza wiki iliyofuata bila ubishi. Mvua za masika zikikaza, Jumamosi asubuhi inakuwa Jumamosi jioni, na nyanya zinapanda kila mahali, hilo siwezi kuwadai wao.

Nyota nawapa tatu kati ya tano. Kwa mtu wa zamu, au mama mwenye mtoto mchanga, au mnaoishi wawili tu na mnashinda kazini, wapeni nne. Kwa familia kubwa yenye mtu wa kwenda soko, agizeni kama mimi ninavyofanya sasa: wiki moja na kuruka moja, nyanya, viazi, vitunguu, karoti, hoho na matunda, oda ivuke 30,000 kidogo tu. Kikavu chote Tandale mara moja kwa mwezi. Majani gengeni. Mwezi wa kwanza wa mpangilio huu ile 500,000 ilibakiza 40,000 na ushee, na mama mkwe hakulalamika wali, kipimo ambacho kwangu kina uzito wake.

Wiki iliyopita wameongeza nyama kwenye orodha, mchanganyiko na steki, bei chini ya bucha yetu kwa 1,000. Sijaagiza. Buchani naona muhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe na nachagua mfupa ninaoutaka. Nimemwandikia dada wa oda anitumie picha ya paja lenye muhuri kabla halijakatwa, akasema atauliza. Akiituma, nitajaribu kilo moja ya mchanganyiko na nitaongezea hapa ilivyokuwa.