SSD ya ukubwa gani ununue kama unatumia Flatpak na Snap: kwa wengi 256GB inatosha kabisa

Kila mtu anaetaka kubadilisha diski ya laptopu yake ya Linux ananiuliza swali lilelile, nichukue GB ngapi, na kabla sijajibu anaongeza "maana hizi Flatpak zinakula nafasi balaa". Flatpak na Snap ni njia za kuinstoli app kwenye Linux, kila app ikifungiwa peke yake kama kwenye kontena. Hapo ndo hela inapopotea, watu wanalipia 1TB kwa kuogopa app wakati app zenyewe sio zinazojaza diski.

Tuanze na hesabu. App ya Flatpak haibebi kila kitu yenyewe, inakaa juu ya rantaimu, yaani msingi ambao app nyingi zinatumia pamoja, na familia kubwa ni tatu: Freedesktop, GNOME na KDE. Ukiinstoli app ya kwanza, hata kikokotoo tu, inavuta msingi wake mzima, unaweza kukaribia GB 1, na hapo mtu anashtuka anafuta kila kitu. Angesubiri! Ya pili ikitumia msingi uleule inakuja na uzito wake tu, wakati mwingine MB chache. Ni kama nyumba ya kupanga mnayochangia jiko, anaehamia wa kwanza ndo ananunua mtungi wa gesi.

Siku moja nilikaa na karatasi nikajumlisha saizi zote zinazoonyeshwa na `flatpak list --columns=name,size`, app na misingi yake, nikapata kama GB 17. Nikapiga `sudo du -sh /var/lib/flatpak`, amri inayopima nafasi iliyoliwa kweli kwenye diski, ikaja GB 11. Sio kosa, ni kwamba Flatpak inatunza faili kwa OSTree, yaani ghala lake la ndani, faili likifanana herufi kwa herufi kwenye misingi miwili linawekwa mara moja tu na kuunganishwa pande zote mbili, kwa hiyo ukijumlisha kwa mkono unahesabu kitu kilekile mara mbili. Namba ya kuamini ni ya du.

Kinachojaza kweli ni mabaki. GNOME inatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Freedesktop mara moja, na app moja ambayo mtengenezaji wake hajaigusa muda mrefu inakulazimisha utunze msingi wa zamani kwa ajili yake peke yake. Wenye kadi ya picha ya NVIDIA wanabeba na draiva nyingine ndani ya Flatpak, mamia ya MB, lazima ifanane na toleo la draiva ya mashine. `flatpak uninstall --unused` inasafisha misingi isiyotumiwa na app yoyote. Halafu angalia `~/.var/app`, huko ndo data zako zinakaa, na zinabaki hata ukishaitoa app kama hukuweka `--delete-data`. Mimi nilikuta folda ya Telegram ina GB 9 za video za magrupu, app yenyewe haifiki hata robo ya hapo.

Snap iko tofauti, kila app ni faili moja lililobanwa na linasomwa hivohivo bila kufunguliwa, ila inatunza na toleo la nyuma ili uweze kurudi, kwa hiyo kwenye Ubuntu kila app ihesabu mara mbili. Ukiona `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inasema /dev/loop imejaa 100% usiogope, hayo ni mafaili ya Snap ya kusomwa tu, siku zote yataonekana yamejaa. AppImage, njia ya tatu ambayo app nzima ni faili moja unalopakua, hazishirikiani chochote, kumi ni kumi.

Sasa manunuzi, nawapangia ninavyoamini.

Namba moja ni 240 mpaka 256GB. Ukiichomeka 256 utaona 238, hujaibiwa, muuzaji anahesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1024. Ubuntu inaomba 25GB, app zako zote za kontena hata ukiwa mpenzi wa kuinstoli weka 20 au 25, bado una zaidi ya 180 za mambo yako. Na laptopu nyingi za mtumba tayari zinakuja nayo, basi hiyo hela ongezea RAM kutoka 8 kwenda 16, utaishukuru kila siku.

Namba mbili 512GB, kwa anaecheza gemu za Steam, anaehariri video, au anaeweka Windows pembeni. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua hii bila kufikiria sana.

Namba tatu 120 au 128GB. Inawezekana kabisa, ila inataka nidhamu, na tafadhali usiigawe diski vipande vidogo. Mimi nilitoa 30GB kwa mfumo nikaacha zote zilizobaki kwa home, yaani sehemu ya mafaili yangu, na kwa kuwa /var/lib/flatpak iko upande wa mfumo, siku ya apdeti mfumo ukajaa mpaka mashine ikagoma kuniingiza wakati home ina nafasi tele, nikapoteza usiku mzima. Kama umeshagawa hivo, instoli kwa `--user` zikae home, ila usichanganye njia zote mbili maana kila upande utavuta misingi yake.

Namba nne 1TB. Ni ya wapiga picha na watu wa video, sio ya app.

Ya mwisho ni zile laptopu za eMMC 64GB, hifadhi ndogo ya bei rahisi badala ya SSD. Imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha, achana nazo hata zikiwa bei ya kutupa.

Kabla hujalipa fungua mashine uone inachukua nini, SSD nyembamba za M.2 ziko za aina mbili, ya SATA na ya NVMe iliyo ya kasi zaidi, zinafanana sana na sio kila tundu linakubali zote. SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe inaipita mbali, lakini kama unatoka kwenye HDD ya kuzunguka yoyote kati yao utaona kama umenunua mashine mpya. Na iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, ukipewa 1TB kwa bei ya 128 jua kuna kitu, zipo feki zinazojitangaza kubwa huku nafasi ya kweli ni ndogo na faili zako zinapotea kimyakimya. Ikiwa bado tupu ijaze kwa `f3write` halafu isome kwa `f3read`, programu za kupima kama nafasi ni ya kweli, itachukua muda, ila fanya hivo kabla siku za kurudisha hazijaisha.