Ziara ya Carrie Furnaces, Pittsburgh: uzoefu wangu kama mpenda reli

Wengi huenda pale kupiga picha na yale matanuru mawili ya kuyeyushia chuma, namba 6 na 7, yanayopita futi 90 kwenda juu. Mimi nilifuata reli, na nilitoka nimeridhika.

Eneo liko kando ya mto Monongahela, nje kidogo ya jiji la Pittsburgh, Marekani. Matanuru haya ya mwaka 1907 yalilisha kiwanda cha feleji cha Homestead, kilichokuwa ng'ambo ya mto. Chuma hakikusubiriwa kipoe. Kilivushwa darajani kwa treni kikiwa bado majimaji ya moto.

Ukifika kwenye ukumbi wa kumiminia, acha kukodolea macho juu, tazama chini. Sakafu imeinuliwa makusudi ili mabehewa yaingie chini yake. Tanuru likitobolewa, chuma kilitiririka kwenye mifereji iliyochimbwa sakafuni. Mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha, kwa kuwa ni mepesi, yalielea juu yakachepushwa kwenye mabehewa yake. Chuma chenyewe kilishuka hadi ndani ya behewa lililojengewa matofali ya kuhimili moto, kikiwa na nyuzijoto karibu 1,500. Sasa mfikirie dereva: akichelewa kuleta mabehewa matupu, tanuru limejaa na halina pa kumwagia. Akikwama njiani, chuma kinaanza kugandia ndani ya behewa. Ratiba ya treni ya abiria ni mchezo ukilinganisha na hiyo!

Upande wa kupokelea mzigo nao si haba. Mawe ya chuma yalikuja kwa meli hadi bandari za ziwa Erie, kisha kwa treni, yakarundikwa uwanjani chini ya kreni kubwa. Hapo muda ulinipitia.

Daraja lenyewe utaliona kwa mbali tu. Usilichanganye na lile la mtaa wa South Side, Pittsburgh, linalopitisha magari na baiskeli siku hizi; hilo lilihudumia kiwanda cha Jones & Laughlin.

Vaa viatu vilivyofunika miguu, kuna ngazi na vyuma kila mahali. Na usitarajie treni inayotembea, maana matanuru yalizimwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ukitaka kusikia mabehewa yakigongana, panda mto kidogo hadi Braddock, kwenye kiwanda cha Edgar Thomson kilichoanza kazi mwaka 1875. Mimi niliunganisha yote kwa siku moja.