Toyota Hilux singo kebini, injini ya 5L: uzoefu wangu wa pikapu ya kazi Uganda

Kwa mtu anayebeba simenti, matoke, mbao au chakula cha mifugo kati ya mjini na kijijini, sijaona pikapu inayolipa kuliko Hilux ya kizazi cha sita, kile kilichoanza 1997, yenye kebini moja, injini ya dizeli ya 5L (hilo ni jina la injini, si lita 5) na fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne. Naisifu kwa moyo wote, ila kwa masharti, na masharti yenyewe yako chini ya bodi, mahali ambapo wanunuzi wengi hawainami kuangalia. Wanafungua boneti, wanasikiliza mlio, wanakanyaga mafuta, wanalipa. Injini inabadilishika. Chasisi iliyochoka haibadilishwi.

Tuanze na mzigo, kwa sababu hapo ndipo magari mengi yanapouawa. Hii ni gari ya tani 1. Kwa simenti ya kilo 50 ni mifuko 20, basi. Anayetaka uongeze hadi mfuko wa ishirini na tano anakudanganya akisema "inabeba, Toyota hiyo". Kwa matofali ya kuchoma, pima moja kwanza, kwa sababu tofali la Luweero si sawa na la Mbarara. Likiwa kilo 3, matofali 300 yanatosha. Mchanga ndio hatari, maana haukutishi kwa macho. Bodi ina urefu wa kama mita 2.3, upana 1.5, na kina cha sentimita 45 hivi. Ijaze hadi ukingoni, ni zaidi ya mita 1.5 za ujazo. Mchanga mkavu una kama tani 1.5 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo umepakia zaidi ya tani 2.3 kwenye gari ya tani 1, na vijana wa koleo wanasema bado pana nafasi. Piga mstari wa rangi ndani ya bodi, sentimita 19 kutoka sakafuni. Mchanga mkavu uishie hapo. Uliotoka mtoni ukiwa bado unachuruzika, ishia sentimita 15.

Sasa springi. Nyuma kuna springi za majani, na kila fundi barabarani atakushauri uongeze jani moja au mawili "ili isiiname". Sipingi kuongeza jani moja kwa gari inayobeba tani yake kila siku, lakini elewa umenunua nini. Umezuia gari isiiname, hukuongeza uwezo wake. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile, na kishindo ambacho springi ilikuwa inakimeza sasa kinapanda moja kwa moja kwenye chasisi. Ndiyo maana pikapu zilizoongezwa majani matatu ndizo zinazopasuka chasisi nyuma ya kebini na kwenye hanga za springi, yaani vishikio vyake.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Inama nyuma, karibu na difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli), utaona fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikishuka kwa uzito, fimbo inasukumwa, vali inafunguka zaidi na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu, vali inapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Ukiongeza majani ya springi, gari inabaki juu hata ikiwa na tani nzima, na vali inaamini haina mzigo. Breki za mbele zinabeba karibu kazi yote. Matokeo yake utayaona kwenye miteremko ya Kabale kwenda Kisoro au ukitoka Kapchorwa: pedali inakuwa laini, pedi za mbele zinanuka, na za nyuma zinasaidia kidogo mno. Springi ikiinuliwa, fimbo hiyo irekebishwe kwa kiasi hichohicho. Ukikuta imefungwa waya au imekatwa, shusha bei au ondoka.

Yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli zikazwe upya baada ya kilomita 500 tangu zifunguliwe, tena gari ikiwa na mzigo. Zikilegea, ekseli inaanza kuteleza kidogo kidogo juu ya springi na kazi yote inabebwa na senta bolti, ile ya katikati inayoshikanisha majani ya springi, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikikatika, gari inatembea upande. Kulijua hilo hakuhitaji mashine: nyoosha magurudumu, pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia kisha kushoto. Tofauti ikizidi sentimita moja, ekseli imehama au chasisi imepinda.

Kuhusu ekseli yenyewe, hapa ndipo naipunguzia Hilux alama. Shafti yake ya nyuma inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha gurudumu na inabeba uzito wa gari. Land Cruiser ya mfululizo wa 79, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, haiko hivyo. Kwake uzito unabebwa na mfuko wa ekseli kupitia beringi mbili, na shafti inazungusha tu; hata shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Utaitambua kwa habu iliyochomoza katikati ya rimu ya nyuma ikiwa na duara la bolti. Hiyo ndiyo ekseli ya kazi halisi, na ndiyo maana 79 inatamba Karamoja na West Nile. Lakini bei yake ni ya mtu mwingine kabisa. Kwa Hilux, heshimu tani moja na usikilize beringi za nyuma. Inua gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, litikise. Likicheza, au likizungushwa likakwaruza, badilisha beringi pamoja na sili yake.

Sili za nyuma mara nyingi zinavuja si kwa sababu zimechakaa, bali kwa sababu ekseli haipumui. Juu ya mfuko wa difu kuna kifuniko kidogo cha kupumulia, ukubwa wa ncha ya kidole. Matope ya murramu yakikiziba, oili ikipata joto inatafuta pa kutokea, inasukuma sili na kulowesha viatu vya breki. Na ukivuka maji difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Kizungushe kwa vidole kila unapopaka grisi. Kisipozunguka, kitoe ukioshe kwa dizeli. Oili ya difu ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, ibadilishe siku hiyohiyo.

Matairi. Watu wananunua tairi kwa kuangalia kashata zake, yaani meno yake, wakati kinachobeba mzigo ni maandishi ya pembeni. Tairi ya 195R14C yenye alama 8PR na namba 106 inabeba kilo 950. Mbili za nyuma ni kilo 1,900. Tairi ya gari dogo yenye namba 91 inabeba kilo 615. Mbili ni 1,230, na nyuma ya pikapu yenye tani moja panapita hapo bila shida, kwa sababu kuna uzito wa gari yenyewe. Ndiyo maana tairi hizo zinapasuka ubavuni kwenye lami mchana wa jua kali. Herufi C, ya tairi ya mzigo, ndiyo utafute. Upepo: gari tupu, nyuma psi 35; ikibeba tani, 60 hadi 65, kulingana na kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Tairi laini ikiwa na mzigo inajikunja, inapata joto, nyuzi zinaachana. Na soma tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba unaong'aa kwa rangi nyeusi unaweza kuwa na miaka kumi.

Kwa nini singo kebini? Kwa sababu ya mahali uzito unapokaa. Bodi ndefu inaacha sehemu kubwa ya mzigo mbele ya ekseli ya nyuma, kati ya magurudumu. Dabo kebini ina bodi ya kama mita 1.5, na nusu yake inaning'inia nyuma. Pakia matoke humo hadi juu, sukani inakuwa nyepesi, mbele kunainuka, na breki za mbele hazina cha kushika. Hata kwenye singo, kitu kizito kikae kimeegemea kebini na chepesi kifuate nyuma. Mabati ya mita 3 yatatokeza kama sentimita 70. Yafunge kwa kamba mbili, moja mbele na moja nyuma, usitegemee mlango wa nyuma uyashike. Dabo kebini ni gari nzuri ya injinia na ya familia. Siiiti ya kazi.

Injini ya 5L ni cc 2,986, haina turbo, nguvu zake ni kama farasi 100 tu. Kwenye kupanda utapitwa na kila mtu, na haina ubaya. Faida yake ni pampu ya dizeli isiyo na kompyuta na nozeli zinazofunguka kwa shinikizo la kama bar 150, wakati injini za kisasa za kommon reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo, zinafanya kazi kwa zaidi ya bar 1,000. Tofauti hiyo inaonekana dizeli ikiwa chafu. Dizeli ya madumu ya pembeni mwa barabara, yenye maji kidogo, kwenye 5L itakuletea kukohoa; kwenye kommon reli itakula nozeli ambazo bei yake inaweza kununua injini nzima ya mtumba pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Hata hivyo usiizoeze uchafu. Chini ya filta ya dizeli kuna koki: weka kikopo, legeza kwa mkono, pampu kitufe cha juu hadi maji yaishe na dizeli safi itoke, kaza.

Beliti ya taimingi ibadilishwe kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa ajili hiyo, na wauzaji wanajua kuizima, kwa hiyo usiiamini. Ukinunua bila kumbukumbu, badilisha beliti wiki ya kwanza pamoja na beringi yake ya kukazia, na uangalie sili za oili zilizo nyuma ya kifuniko, maana oili inaila beliti haraka. Ikikatika gari ikitembea, vali zinakutana na pistoni. Oili ya injini mimi nashikilia kilomita 5,000, 15W-40, pamoja na filta.

Vumbi la kiangazi linamaliza injini hizi kuliko umri. Jaribio moja linatosha: fungua hozi inayotoka kwenye boksi la filta ya hewa kuelekea injini, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, filta haizibi vizuri au boksi limepasuka, na vumbi hilo linasaga silinda. Filta ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo.

Joto ndilo adui wa pili. Radieta ioshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu mbegu za majani hujazana kwa mbele. Feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikigoma kidogo ni nzima. Ikizunguka huru, klachi yake imekufa, na mlima wa kwanza wenye mzigo utapasua silinda hedi. Ndani weka kulanti (maji ya dawa ya radieta), maji ya bomba yanaleta kutu.

Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye miaka 15 na zaidi, kwa hiyo Hilux hizi unazinunua kutoka kwa mtu aliyeshazitumia hapahapa. Chasisi yenye kiraka cha kulehemu si lazima uikimbie. Angalia kilivyofanywa. Kiraka kizuri kina umbo la almasi, ufa ulitobolewa mwishoni kabla ya kulehemiwa ili usiendelee, na mstari wa kulehemu haukukata chasisi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kipande cha mraba kilichobandikwa kitapasuka tena pembeni yake.

Anayebeba tani 2 kila siku aachane na pikapu, anunue lori dogo kama Dyna au Elf yenye matairi mawili mawili nyuma. Na kwa anayeinunua Hilux, omba ijaribiwe ikiwa na mifuko 20 ya simenti: kati ya ekseli na raba ya kuzuia kishindo ibaki nafasi ya vidole viwili angalau, ishuke mteremko kwa gia ya pili bila kuvuta upande, na ikisimama upapase rimu za nyuma uone kama nazo zimepata joto.