Kuvua sangara kwa boti Entebbe: kapteni kumi kwa kumi, ofisi mmh

Bei kwanza maana najua ndo mnachotafuta. Laki tisa za Uganda boti nzima, watu watatu, mafuta na maji ya kunywa humo humo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Tukachanga laki tatu tatu. Chakula unabeba mwenyewe. Jina la kampuni silitaji, pale beach wote wanajuana na mi bado nataka kurudi, halafu haya nitakayoyalalamikia nimeyasikia kwa wateja wa boti zingine pia kwa hiyo usidhani ukiwakwepa hawa umepona.

Nianze na kapteni, maana hela yangu naona ilienda kwake. Ni mzaliwa wa visiwani, mtu mzima, haongei sana. Kabla hatujatoka alitumwagia kasha la samaki bandia sakafuni akaanza kutuuliza sisi, mnaona hizi zina tofauti gani? Mi nimekulia Mwanza, sangara nawajua wa nyavu na wa ndoana za kutega na furu, vile visamaki vidogo vya chambo, haya ya plastiki ndo nikayashika vizuri siku hiyo. Kumbe kila kitu ni ule ulimi wa plastiki mdomoni. Ukiwa mrefu samaki anazama sana boti ikimvuta, ukiwa mfupi anaogelea juu juu. Alikuwa na samaki bandia wa Rapala, zile X-Rap Magnum za namba tofauti, na ile namba ndo kina chenyewe kwa futi, ya 30 inashuka futi 30 ambayo ni kama mita tisa. Akaweka ya 30 kulia, ya 20 kushoto, na ya katikati akaweka ndogo ya rangi ya fedha mgongo wa kijani, ili zisigongane chini na ili ajue leo wanakula wapi.

Kutoka hapo unapita kuelekea kisiwa cha Ngamba kwa masokwe, unavuka ikweta bila hata kujua, halafu unaingia kwenye vile visiwa. Kwenda mbali siyo ndo kuvua. Alikuwa anazunguka miamba ya kisiwa kimoja tu, mwendo wa pole sana, jicho kwenye sona, ile mashine ya kuonyesha kina na samaki chini ya boti. Akaniita, mzee njoo uone. Kwenye skrini dagaa wanatokea kama vumbi vumbi juu, mwamba unashuka ghafla, na pembeni ya mwamba kuna vitao vinene, alama kama upinde, viwili vitatu vimetulia. Hao ndo sangara wenyewe, hawafukuzi fukuzi, wanamngoja chakula apite. Kwa hiyo anapiga boti kona ili chambo kipite sawasawa puani kwao, asipokula anarudi tena kwa upande mwingine. Mara nne mara tano sehemu ile ile, jamaa yetu mmoja akaanza kulalamika kwamba tunazunguka tu tunamaliza mafuta, kapteni hakumjibu.

Nikamuuliza kwa nini asishushe chini zaidi maana sona inaonyesha mita 30 pale mbele. Akasema chini kule msimu huu hakuna hewa, samaki hakai. Na ni kweli, Ziwa Victoria mwisho wa mwaka mpaka kama Machi maji ya juu yanakuwa ya moto na hayachanganyiki na ya chini, ya chini yanaishiwa oksijeni, mpaka upepo wa kusi wa Juni Julai uje uyakoroge. Mtu anayejua hivi haokoti okoti kwa bahati.

Saa tatu kasoro rili ya upande wa kulia, lile gurudumu la mshipi, ikalia. Siyo ile ya kugusa gusa, ni kilio kimoja kirefu na fimbo imelala mpaka kwenye maji. Mi nikataka kuvuta kwa nguvu, kapteni akapiga kelele "Bosi acha! Breki ifanye kazi, we shikilia tu!" Akazima mashine. Sangara akakimbia kama mita hamsini halafu akapanda, aisee, akatoka majini mwili mzima, kinywa wazi, mashavu yamefunguka mpaka unaona nyekundu ndani, anatingisha kichwa kutema ile plastiki. Hapo ndo wengi wanawapoteza, mshipi ukilegea kidogo tu ndoana inatoka. Akanambia shusha ncha ya fimbo chini usiache ulegee. Mikono inatetemeka dakika kumi nzima. Alipofika ubavuni kijana msaidizi akamkamata kwenye taya ya chini kwa koleo maalum, hakutia mkono kwenye shavu, maana sangara hana meno ya kukata lakini mfuniko wa matamvua una mwiba ambao ukikuchana utashonwa hospitali. Lile taya likikwaruza mshipi linausaga, ndo maana mbele ya mshipi wa kusuka wanafunga nailoni nene ya kama mita mbili. Kilo ishirini na ushee kwenye mizani, urefu umepita mita. Jicho lake kwenye kivuli cha boti lilikuwa linawaka rangi ya chungwa.

Tulipata wengine wadogo, mmoja akapimwa kwenye ubao akawa chini ya sentimita 50 akarudishwa majini hapo hapo. Sheria ya Uganda ndo hiyo 50, na jeshi lilipoingia ziwani 2017 kusaka uvuvi haramu, makapteni wenye akili wakaacha kucheza nayo. Alituambia pia mkitaka kurudisha samaki wakubwa basi tuvue kwenye kina kifupi tu, maana akitolewa chini sana haraka bondo, ule mfuko wa hewa tumboni, linavimba, ukimwachia anaelea tumbo juu anakufa bure. Mchana upepo ulipoanza kuwa mkali akatupeleka nyuma ya kisiwa, tukazima mashine tukawa tunarusha samaki wa mpira wenye kichwa cha madini ya risasi kuelekea mawe. Raha yake nyingine kabisa, unamsikia anagonga mkononi. Hapo sikupata kitu mi, wenzangu walipata.

Sasa ofisi.

Picha walizonitumia kwenye WhatsApp kabla sijalipa zina lisangara limebebwa na watu wawili, nyuma kuna kiboko na maji yanakimbia. Dada, hilo ni Nile chini ya maporomoko ya Murchison, siyo Entebbe! Kule ni hifadhi, unalipa kiingilio na kibali cha kuvua cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, mambo mengine kabisa. Halafu anakuandikia "kilo 60 uhakika". Uhakika wa nini, rekodi ya dunia yenyewe ya kuvua kwa fimbo ni kilo 104 na kidogo, Ziwa Nasser huko Misri mwaka 2000, na hapo Entebbe wa kilo 60 wapo ila siyo wa kuahidi mtu kwenye simu. Kapteni nilipomwonyesha hiyo meseji alicheka tu akatazama pembeni.

Vifaa ndo vilinikera. Fimbo ya kushoto pete ya juu kabisa ilikuwa imepasuka, ufa mdogo huuoni mpaka upitishe kucha. Samaki alipopiga upande huo mshipi ukapita kwenye ule ufa ukakatika juu kabisa, siyo karibu na samaki, samaki kaondoka na Rapala yake. Kurudi nchi kavu yule wa ofisini anatuandikia elfu tisini ya chambo kilichopotea! Nikamletea ile fimbo nikamwambia pitisha kidole hapa mama. Kapteni akasema ukweli, fimbo aliiripoti zamani. Mjadala mrefu, tukaishia elfu thelathini, ambayo kwangu bado ni elfu thelathini nyingi sana.

Maboya ya kuvaa yalikuwepo lakini mawili zipu haifungi. Msikubali. Ziwa lile linabadilika ndani ya nusu saa, asubuhi kioo, saa saba unarushwa mpaka kiti kinakupiga mgongoni, na ile boti ni ndefu ya mbao iliyowekewa faiba, inatulia lakini siyo meli. Choo hakuna, wanawake mjue mtashushwa kisiwani.

Na samaki. Hii waliificha kabisa: kwa desturi yao samaki ni wa boti, mteja anapiga picha. Yule wa kilo ishirini bondo lake peke yake kuna mtu pale mwaloni anangoja na mizani ya mkononi, kwa kilo linauzwa mbali kuliko nyama, linasafiri mpaka China. Sikatai wapate chochote, kapteni na kijana wake walistahili na tuliwapa cha juu. Ila tulitaka hata minofu ya kupeleka nyumbani tukaambiwa tununue. Tununue samaki niliyemvuta mwenyewe! Mwisho kapteni ndo alimkata mkia na kipande cha tumbo akatufungia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, bila kusema neno, na lile tumbo la sangara kwa mchuzi wa nyanya na pilipili lilikuwa na mafuta mpaka ugali unateleza.

Mkienda, ombeni kapteni kwa kuuliza nani anaijua sona na nani kazaliwa visiwani, siyo boti ipi mpya. Kagueni pete za fimbo kabla ya kulipa, moja moja. Samaki ni wa nani mkubaliane kwa maandishi kwenye hiyo hiyo WhatsApp, na mwende siku za katikati ya wiki maana Jumamosi hao makapteni wazuri wanakuwa wameshachukuliwa na wageni wa hotelini.