Uzoefu wangu: fundi alinifungia thrasti washa kinyume na akanitukana juu

Jamani naandika hii moyo bado unanichemka. Nna pikapu ya gia za mkono, napakia maembe Marafa nashusha hapa Malindi, msimu ukikubali nafika nayo mpaka Mombasa. Sasa kabla ya Ramadhani hivi nkaanza kusikia ngo! kila nikikanyaga klachi nikiwa nimesimama. Nikiachia, kimya. Nikikanyaga tena, ngo, na injini inalegea kama yataka kuzima.

Nkaipeleka garaji moja mjini, jina silitaji. Na haki niseme, mzee wa pale ugonjwa aliujua pale pale. Aliniambia nikanyage klachi yeye akiangalia puli ya mbele ya injini, ikasogea mbele waziwazi, akaisukuma kwa mtaimbo ikarudi. Akasema krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, yatembea, thrasti washa zimeisha. Ni vile vyuma viwili vitatu vya umbo la hilali vinavyokaa kwenye meni beringi moja, zile beringi kubwa zinazoishika krenki, kazi yao kuizuia krenki isiende mbele na nyuma. Gari nyingi huko kutembea hakutakiwi kuzidi kama milimita 0.3, yangu mtu aliona kwa macho! Akaniambia mguu wako unalala juu ya klachi, ndio iliyozila, maana ukikanyaga klachi unaisukuma krenki yote. Ni kweli, barabara ya Marafa na mzigo nilikuwa naishikilia klachi nusu njia nzima. Hilo nalikubali na nilimshukuru.

Basi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikashushwa, mimi nkanunua washa mpya. Wakati anafunga nkaona upande mmoja laini, upande wa pili una mitaro miwili. Nkauliza kwa adabu, mzee, hii mitaro yaangalia wapi? Wallahi niliuliza tu, ni gari yangu na ni pesa yangu. Akainuka, mbele ya vijana wake na wateja na dereva wa tuktuk aliyekuja kujaza upepo, akasema, "Kijana, fundi ni wewe ama mimi? Kama wajua, shika spana ufunge mwenyewe." Vijana wakacheka. Mimi nkanyamaza nkaenda kukaa chini ya mwarobaini, na mpaka leo najilaumu kwa kule kunyamaza.

Hata mwezi haukuisha, ngo ikarudi, kubwa kuliko mwanzo. Kuimwaga oili, ina chembechembe zinang'ara kama magamba ya dagaa. Nkarudi kwake, hata kulala chini aangalie hakulala, akasema spea niliyonunua ni feki.

Kijana mmoja wa upande wa barabara ya Mombasa ndiye aliyefungua akaniita nione. Washa zimefungwa kinyume! Upande wenye mitaro ndio wenye madini laini na lazima uangalie krenki, ile mitaro ndiyo inayopitisha oili katikati. Upande usio na mitaro ni mgongo wa chuma, huo hukaa kwenye bloku. Yangu mgongo wa chuma ulikuwa unasaga krenki chuma kwa chuma, uso wa krenki umechimbika mpaka kidole kinakwama. Ikabidi injini ishuke yote, krenki ipelekwe Mombasa kusagwa, zinunuliwe washa nene za ovasaizi. Kazi ya siku moja ikawa wiki tatu na maembe yangu yakaozea shambani. Huyu kijana kabla ya kufunga sampu aliweka saa ya kupimia kutembea kwa krenki akanionyesha, milimita 0.15, na klachi akaiacha na uhuru kidogo juu isikae imebana.

Nilitaka kumpa yule mzee nyota mbili, maana breki zangu amefanya miaka na sijawahi kumlaumu, na kukosea mtu hukosea, hilo ningemsamehe leo leo. Labda hata tatu, ugonjwa aliujua bila kufungua kitu. Lakini nikikumbuka nilimuuliza swali lile lile ambalo jibu lake lingeokoa krenki, na akanijibu vile mbele za watu, kisha akanisingizia spea, hapana, hapana kabisa, hata moja simpi. Zile washa zimo kwenye droo ya gari, mgongo umesuguka unang'aa kama kioo, na nitampelekea siku vijana wake wote wapo.