Michuki Park kwa masikio ya muuza spika

Nauza spika Luthuli Avenue. Pale kila duka linashindana na la jirani kwa muziki, kwa hivyo saa saba nikishika mayai pasua yangu mawili, nateremka hadi bustani ya Michuki Park, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Jina ni la marehemu John Michuki, aliyeanzisha usafishaji wa mto huo mwaka 2008 akiwa waziri wa mazingira. Ndiye yuleyule wa "sheria za Michuki" za 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Na hizohizo matatu ndizo zinazompigia honi mchana kutwa!

Watu husema ukiingia kwenye mianzi kelele inaisha. Haiishi. Nimekaa nyuma ya kichaka nikasikiliza jinsi ninavyoijaribu spika ya mteja. Sauti nyembamba, yaani honi, breki na mluzi wa makanga, majani yanazichambua, zinakufikia zimelegea. Besi? Inapita kama hakuna kitu. Lori likibadilisha gia unalisikia kifuani. Ili sikio lihisi kelele imepungua nusu, zinatakiwa ziondoke desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) kama 10, na safu mbili tatu za mimea hazina nguvu hiyo. Penye mti mrefu uliobaki shina tupu chini ndipo pabaya zaidi, maana sauti inapenya kwenye kimo kilekile cha masikio yako ukiwa umekaa.

Sasa sikia maajabu. Nilimleta mwenzangu wa dukani, nikamkalisha mahali ambapo mianzi inaficha barabara. Akaapa kwamba pametulia kuliko kwenye nyasi tupu tulikotoka, hatua chache tu. Nikamwambia, "Hebu funga macho." Akanyamaza kidogo. "Aki, ni ileile!" Kilichokuwa kimepumzika ni macho. Upepo ukivuma mambo yanakuwa mazuri zaidi: majani ya mianzi yanachakarika juu yako, na ule mchakariko unaifunika barabara bila kuizuia.

Mto nao una siku zake. Ukinuka vibaya, sogea juu kidogo.

Naipa bustani hii nyota 4. Ya tano naishikilia hadi vichaka vifupi vijaze chini ya ile miti mirefu. Ukienda, nenda saa nane, na uketi ukiipa barabara mgongo.