Kitufe cha korosho: transition au @keyframes?
Hizi ni njia mbili za CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti) za kufanya kitu kisogee. Tuseme ukurasa wa muuza korosho wa Mtwara una kitufe cha “Agiza”. Kiruke kidogo kikibonyezwa? transition (mpito laini kutoka hali moja hadi nyingine) inatosha: andika transition: transform 200ms ease-out kwenye kitufe chenyewe, kisha transform: translateY(-4px), yaani kipande juu pikseli 4, kwenye :active, hali ya kubonyezwa (simu haina kipanya, usitegemee :hover, hali ya kipanya kupita juu). Ukiiweka transition kwenye :active peke yake, kitufe kitarudi ghafla. Hapo ndipo wengi hukwama.

Picha ya korosho iyumbe yenyewe bila kuguswa? Hiyo ni kazi ya @keyframes, hatua kwa asilimia: 0%, 50%, 100%. Marudio 2 tu. Infinite (marudio yasiyokoma) inachosha macho.

Kote, sogeza kwa transform. margin-left hulazimisha kivinjari kupanga upya ukurasa kila fremu, na simu ya bei nafuu hugugumia.